Nani Alifika Kwanza

Satini ya buluu nilinunua mita ishirini,
ya kijani ishirini na mbili, maana Kijani wana matumbo.
Uzi ulikuwa mmoja, mweupe,
hakuna aliyeuliza.

Hapa Nachingwea, kwenye uwanja wa ndege
uliosahauliwa na Waingereza wa karanga,
kila Januari baiskeli huzunguka mara saba
mapipa mawili yaliyojazwa mchanga.
Phoenix, Swala, nyingine haina breki wala kengele.
Mtaa wa juu ni Buluu. Bondeni, Kijani.
Zamoyo, dada yangu wa tumbo moja, aliolewa bondeni;
Januari hanisalimu.

Mwalimu Nnunduma hufundisha historia.
Huja kupunguziwa kiuno cha suruali, kila mwezi kidogo.
"Somoe," alisema, "haya si mageni.
Konstantinopoli, mji wa Kaisari,
farasi wanne wanne walivuta magari,
na watu wakachinjana kwa buluu na kijani."
Nikacheka, pini mdomoni.
"Rangi hizi hizi?"
"Hizi hizi."

Mwaka ule korosho zililala ghalani tangu Oktoba.
Stakabadhi zikalainika mifukoni kama noti kuukuu.
Mgambo wakakamata vijana wawili mlangoni mwa ghala,
mmoja wa juu, mmoja wa bondeni,
wakawafunga kamba moja.

Mzunguko wa tano, nikasikia kelele nisiyoijua.
Buluu husema: Pepea!
Kijani husema: Kanyaga!
Siku ile walisema neno moja, wote,
wakiwageukia wakubwa waliokaa chini ya turubai:
Lipa!
Lipa!
Viti vya plastiki vikaruka kama kuku.
Mwalimu akanishika mkono, kiganja chake baridi.
"Wale wa Kaisari," akasema, "walipiga kelele: Shinda."

Siku tatu tulilala uwanjani.
Uji sufuria moja, matope mamoja.
Zamoyo alikalia kanga yangu
akanisimulia mambo ya miaka sita kwa usiku mmoja.

Siku ya nne akaja mtu mwenye mkoba wa ngozi,
sauti ya taratibu, kama anayeongea na mgonjwa.
Alipita kwa Buluu tu.
*Majina ya mtaa wa juu yametoka. Njooni benki, kimya kimya.*

Wakaondoka mmoja mmoja,
wakijifanya wanakwenda haja ndogo.
Nami niliondoka.
Nilikuwa na stakabadhi ya marehemu mume wangu,
kilo mia mbili na arobaini.
Nilimwachia Zamoyo ile kanga, amelala.
Siwezi kusema sikujua.

Alasiri moshi ukapanda kutoka uwanjani,
moshi usio wa kuni.
Chilumba, mwanawe, sasa anatunga uzi kwenye sindano
kwa jicho moja. Nimemfundisha mimi.
Mama yake humleta hadi barazani
na harudishi salamu,
hata Agosti.

Mwalimu alipokuja tena na suruali yake nilimuuliza:
na kule kwa Kaisari, iliishaje?
"Mtu mmoja aliingia na mfuko wa dhahabu.
Aliongea na Buluu tu."
"Na waliobaki?"
Alianza kuhesabu vifungo kwenye kopo langu.
Alihesabu muda mrefu.
"Na mbio zenyewe, mwalimu?
Farasi wa nani alifika kwanza?"
"Nimetafuta," akasema. "Sijaona palipoandikwa."

Basi ya huku niyaseme mimi.
Viti vilipokuwa hewani, watu wamempa mgongo,
Mtipa, kijana asiyesikia tangu surua ya utotoni,
alikanyaga mzunguko wa sita,
akakanyaga wa saba,
peke yake,
akalipita pipa, akainua mikono yote miwili,
kisha akageuka kututafuta.

Matope yalikuwa yamemfunika shingo hadi kiuno.
Fulana ile nimeishona kwa mkono huu,
na rangi yake sikuiona.